Barua ya wazi kwa wakuu wa kumbi za kungojea na vyombo vya abiria: wapeni watoto wetu la kufanya

Kwa:
Wakurugenzi wa hospitali na vituo vya afya,
Wakuu wa ofisi zinazohudumia wananchi,
Mameneja wa stesheni, stendi, bandari na viwanja vya ndege,
Wamiliki na waendeshaji wa mabasi, treni, meli na ndege za abiria.

Waheshimiwa,

YAH: WATOTO KUNGOJEA NA KUSAFIRI BILA LA KUFANYA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla ya kuandika barua hii nimepita njia zote mlizotuwekea. Nimejaza fomu za maoni, nimetumbukiza karatasi kwenye visanduku vyenu, nimezungumza na wasimamizi wa zamu na nimetuma barua pepe kwa anwani mnazobandika ukutani. Jibu nililolipata mara nyingi ni lile la mstari mmoja: maoni yako yamepokelewa na yanafanyiwa kazi. Msimamizi mmoja alinishauri, kwa upole kabisa, nisiwe nakuja hospitalini na mtoto. Mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa mgonjwa. Ndiyo maana leo nawaandikia hadharani, kwa heshima zote, ili mnisome pamoja na wazazi na walezi wengine ambao najua wanalo lalamiko hili hili.

Sina ugomvi na wafanyakazi wenu wa chini. Wengi wao wanajitahidi, na nimewahi kumwona mhudumu wa mapokezi akichomoa kalamu yake mfukoni na kumpa mtoto achoree nyuma ya fomu iliyoharibika. Hoja yangu inawahusu ninyi mnaopanga: ukumbi ukae vipi, viti viwe vya namna gani, foleni iende vipi, safari ikichelewa abiria waambiwe nini. Katika mipango yote hiyo mtoto hayumo. Anahesabiwa kwenye tiketi na kwenye jalada la mgonjwa, kisha anasahaulika mpaka atakapolia. Akilia, ukumbi mzima unamgeukia mzazi.

Wala siombi fadhila. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989, kinatambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza kulingana na umri wake. Mwaka 2013 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa waraka mzima, Maoni ya Jumla Namba 17, kuhusu kifungu hicho kimoja, kwa sababu kilikuwa kikipuuzwa. Mtoto haiachi haki hiyo mlangoni anapoingia kwenye jengo lenu.

Naomba sasa nieleze malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Muda wa kungojea mnautengeneza ninyi, mzigo wake mmetuachia sisi.

Mzazi anayetoka nyumbani na mtoto hujiandaa. Mkobani huwa na kitabu cha picha, krayoni chache, karatasi, kichezeo ambacho mtoto anakipenda, na nguo ya kubadilisha. Lakini hujiandaa kwa muda aliotajiwa. Mkimwambia basi linaondoka saa mbili asubuhi, anajiandaa kuondoka saa mbili asubuhi. Saa tatu ikipita, saa nne ikipita, na hakuna aliyetoka ofisini kusema neno, vyote vilivyomo mkobani vimeshamaliza kazi yake. Kitabu kimesomwa mpaka mtoto anakikariri, krayoni zimevunjika, na safari yenyewe, ambayo mzazi aliiwekea akiba ya michezo, haijaanza.

Mwaka 1985 David Maister, mtaalamu wa mambo ya huduma, aliandika juu ya hali ya mtu aliye kwenye foleni. Alieleza kwamba muda usio na la kufanya huonekana mrefu kuliko ule wenye shughuli, kwamba kungoja bila kujua mwisho ni lini huonekana kurefu kuliko kungoja kwenye kikomo, na kwamba kuchelewa kusikoelezwa sababu huchosha zaidi kuliko kule kunakoelezwa. Aliyasema hayo kwa ajili ya watu wazima. Mtoto wa miaka mitatu hajui kusoma saa, na kwake "bado kidogo" haina urefu wowote. Anachojua ni kwamba aliambiwa bado kidogo, na bado yupo pale pale.

Kwa hiyo jambo la kwanza linalomsaidia mtoto kungoja haligharimu hata kichezeo kimoja. Ni taarifa. Nikiambiwa daktari ataanza kuona wagonjwa baada ya saa moja na nusu, nitamtoa mtoto nje akimbie, nitarudi kwa wakati. Nikiambiwa treni imeharibika na fundi yuko njiani, nitagawa nilivyo navyo: kitabu sasa, krayoni baadaye, hadithi mwishoni. Nisipoambiwa chochote siwezi hata kumpeleka chooni, kwa hofu kwamba namba yetu itaitwa tukiwa huko na tutaambiwa tuanze upya.

2. Mtoto akiingia ukumbini hakuti kitu kinachomhusu.

Nawaomba kila mmoja wenu, kabla ya kunijibu, aende kwenye ukumbi wake na achuchumae mpaka macho yake yawe kimo cha mtoto wa miaka mitatu. Ataona magoti ya watu, uvungu wa viti, pipa la taka, soketi ya umeme na waya unaopita sakafuni. Mabango yote yameanzia juu ya kifua cha mtu mzima. Kila anachokifikia mtoto kwa mkono ni kitu ambacho lazima akatazwe kukigusa. Ndiyo maana mzazi, tangu anaingia mpaka anatoka, anasema maneno manne tu: acha, usishike, njoo, kaa. Hata mzazi mpole kuliko wote atatoka pale amekasirika na mtoto ambaye hakufanya kosa.

Katika hospitali moja nilikaa karibu na mvulana wa kama miaka minne aliyekuja na mama yake na mdogo wake mchanga. Walipopewa karatasi ya namba, mama alimwachia aishike kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa na mtoto. Mvulana aliikunja ikawa darubini, akachungulia watu. Akaikunjua, akaikunja tena ikawa mashua, akaitembeza kwenye mkono wa kiti. Akailamba pembeni. Muda ukazidi kwenda, mashua ikachanika katikati. Namba yao ilipoitwa, mama alivipanga vile vipande viwili juu ya kaunta kwa vidole, namba inasomeka kabisa, na karani akamwambia karatasi iliyochanika haipokelewi, akachukue nyingine. Waheshimiwa, karatasi ile ndiyo kitu pekee ambacho ukumbi wote ule ulimpa mtoto yule mkononi.

3. Runinga ya ukutani si jibu.

Nilipolalamika mahali fulani nilioneshwa runinga. Ipo juu karibu na dari, imekatwa sauti, na inaonesha habari. Mtoto haielewi, na siku nyingine inaonesha mambo ambayo hapaswi kuyaona: magari yaliyogongana, nyumba zinazoungua, watu wanaolia. Hata mngebadilisha chaneli mkaweka katuni, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 kwa watoto walio chini ya miaka mitano haupendekezi kabisa kumkalisha mbele ya skrini mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili. Kwa wa miaka miwili hadi minne unasema isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni heri zaidi. Mwongozo huo huo unasema mtoto anapokuwa ameketi, kinachofaa ni kusomewa na kusimuliwa hadithi.

Najua pia mnavyotutazama tunapowapa watoto simu. Tunazitoa kwa sababu ndicho kitu cha mwisho kilichobaki. Simu hiyo hiyo ndiyo yenye tiketi, ndiyo yenye ujumbe wa malipo mtakaouomba dirishani, ndiyo ya kumwambia ndugu anayetungoja kwamba tumechelewa. Chaji ikiisha mikononi mwa mtoto tumekwama wote. Mtoto mkubwa kidogo, katika safari ya kutwa nzima, akitazama filamu moja kwa spika za masikioni zenye sauti ya kiasi, sina neno. Ninachokataa ni skrini kuwa mpango wenu mzima kwa watoto.

4. Mnataka mwili wa mtoto ufanye kisichowezekana.

Viti vyenu vimeunganishwa safu nzima na kufungwa sakafuni. Mtoto akikaa miguu inaning'inia, na baada ya muda inakufa ganzi. Ndiyo maana anateleza, anapiga mateke kiti cha mbele, anasimama juu ya kiti. Tunaambiwa ni mtukutu. Mwongozo nilioutaja unasema mtoto wa chini ya miaka mitano asifungwe sehemu moja, iwe kwenye kigari au mgongoni, kwa zaidi ya saa moja mfululizo, na kwamba mwenye umri wa mwaka mmoja hadi minne anahitaji angalau dakika 180 za kujongeajongea kila siku. Fikirieni mtoto aliyekaa kwenye ukumbi wenu tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha akapandishwa basi. Dakika hizo atazipata wapi? Anahitaji mita chache za sakafu safi, mbali na mlango wa magari, ambapo anaweza kuruka bila mtu kumgombeza.

5. Safarini mnatunyang'anya hata michezo isiyohitaji kitu.

Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu ndipo panapokera zaidi na ndipo pepesi zaidi kurekebisha.

Mtoto akiwa ndani ya chombo kinachokwenda, vitabu na simu mara nyingi havifai. Sikio la ndani linahisi mwendo, macho yaliyokodolea ukurasa yanaona kitu kilichotulia, ubongo unapokea taarifa mbili zinazopingana, na tumbo linachafuka. Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio wanaopata kichefuchefu cha safari kwa urahisi zaidi. Kinachosaidia ni kutazama mbali, nje, mbele. Kwa hiyo michezo mizuri ya safarini ni ya macho na mdomo, na wazazi tunayo tele. Nani ataona ng'ombe wa kwanza. Tuhesabu magari mekundu hadi ishirini, wewe ushike ya kulia mimi ya kushoto. Naona kitu kinachoanza na "ma", ni nini? Kutunga hadithi kwa zamu, kila mtu sentensi moja, na mdogo kuliko wote ndiye anayeamua simba ale nini. Vitendawili ndivyo mwisho wake haupo: mtoto wa miaka sita akishajifunza kutega vyake mwenyewe atakupeleka kilomita mia bila kuuliza tumefika wapi.

Michezo hii inadai mambo mawili tu, mtoto akae karibu na mtu wake na awe na dirisha. Yote mawili mnayavunja. Mifumo yenu ya kugawa viti inamweka mama safu ya nne na mtoto wa miaka mitano safu ya tisa, halafu tunaachwa tuombane na abiria wengine huku chombo kimeshajaa. Nimemwona baba akimtegea mwanawe kitendawili kwa kupaza sauti juu ya vichwa vya watu, na abiria wakimwomba anyamaze. Walikuwa na haki, na yeye alikuwa na haki. Madirisha nayo mmeyafunika kwa matangazo ya biashara yaliyobandikwa nje, mtoto anaona vitundu badala ya dunia.

Vituo vya kupumzika ni vifupi mno. Mkanda ni lazima ufungwe chombo kinapokwenda, hilo silijadili hata kidogo, lakini ndiyo sababu kituo kinapofika mtoto apate muda wa kutosha kukimbia, na mahali ambapo magari hayarudi nyuma. Katika ndege, tunaomba tangazo la kuanza kushuka litoke mapema na kwa maneno yanayoeleweka, ili mzazi amwamshe mtoto na kumpa kitu cha kunywa au kumnyonyesha. Kumeza ndiko kunakofungua masikio mgandamizo wa hewa unapobadilika. Mtoto anayeshuka amelala huamka akilia kwa maumivu, na hapo hakuna mchezo utakaomtuliza.

Haya yanawezekana. Treni za ghorofa mbili za shirika la reli la Uswisi zina behewa la familia ambalo ghorofa yake ya juu ina sehemu ya watoto kuchezea. Huko Ufini treni zinazokwenda kati ya miji zina sehemu ya watoto yenye vitabu vya picha. Siwadai mnunue mabehewa mapya. Nataka tu msiniambie tena kwamba chombo cha abiria hakiwezi kumfikiria mtoto.

6. Mtoto anayengoja kutibiwa anaingia kwa daktari ameshachoka na kuogopa.

Hili ni la wakurugenzi wa hospitali. Mtoto aliyekaa muda mrefu akisikiliza watoto wengine wakilia nyuma ya pazia anaingia chumba cha sindano akiwa amekakamaa. Tafiti nyingi zimeonesha kwamba kumshughulisha mtoto wakati wa sindano, kwa hadithi, kwa mapovu ya sabuni, kwa kitu cha kuchezea, kunapunguza maumivu anayoyasikia. Na jambo hili si geni. Mwaka 1955 Emma Plank alianzisha katika hospitali ya jiji la Cleveland, Marekani, mpango wa kuwashughulikia watoto waliolazwa kwa michezo na masomo, na leo zipo hospitali nyingi zenye wafanyakazi walioajiriwa kwa kazi hiyo tu. Kama hamwezi kuajiri, mfundisheni muuguzi aliye kwenye chumba cha sindano maneno mawili matatu ya kumwambia mtoto, na mwekeeni chupa ya mapovu mezani.

7. Wapo watoto ambao kelele na taa zenu zinawaumiza.

Mtoto mwenye usonji, kwa mfano, anaweza kuvumilia foleni ikiwa atakaa mahali penye utulivu na kuambiwa mapema kinachofuata. Katikati ya kipaza sauti kinachokoroma na taa inayopepesa hawezi. Kona moja tulivu, mbali na spika, ingetosha. Wazazi wa watoto hawa ndio wanaosimangwa kuliko sisi sote.

Najua majibu mtakayonipa, kwa kuwa mengine nimeshapewa.

Mtasema hakuna bajeti. Ukuta mmoja uliopakwa rangi ya ubao na chaki chache si mradi mkubwa. Mkeka unaofutika, meza fupi, rafu ya vitabu vilivyochangwa na wasomaji, mstari wa kuruka uliochorwa sakafuni, picha za wanyama zilizobandikwa chini badala ya juu, swali moja kwenye kila picha: kobe wangapi wamejificha hapa? Mmekuwa mkipaka rangi kuta hizo kila baada ya muda fulani. Safari ijayo pakeni kwa namna nyingine. Kuwakalisha mzazi na mtoto pamoja, kutangaza ucheleweshaji na kuacha dirisha wazi havihitaji ununuzi wowote.

Mtasema vichezeo vinaeneza magonjwa. Hoja hii naiheshimu, hasa hospitalini. Midoli ya manyoya na vitambaa isiwepo, kwa sababu ni vigumu kuisafisha. Wekeni vichezeo vigumu vinavyofutika kwa dawa, au mbao za michezo zilizofungwa ukutani zenye gurudumu la kuzungusha na shanga kubwa za kusogeza kwenye waya mnene, na ziingizwe kwenye orodha ile ile ya usafi yenye vitasa vya milango na mikono ya viti. Watoto wanashika vitu hivyo hata sasa. Krayoni mbili na karatasi moja ambazo mtoto anaondoka nazo hazimwambukizi mwingine.

Mtasema mtoto atakabwa au ataumia, nanyi mtashtakiwa. Basi chagueni kwa makini. Visiwepo vipande vidogo vinavyoweza kuingia koo la mtoto wa chini ya miaka mitatu, visiwepo vyenye betri ndogo za duara, ambazo zikimezwa zinaweza kuunguza umio ndani ya saa mbili, wala vyenye sumaku zinazochomoka. Ukuta wa kuchorea hauna hatari hizo hata moja, tofauti na soketi iliyo wazi niliyoitaja.

Mtasema abiria na wagonjwa wengine wanataka utulivu. Nao ndio wa kwanza kunufaika. Anayepiga kelele ni mtoto asiye na la kufanya. Mwenye krayoni mkononi humsikii.

Jibu ninaloliona zito ni hili la mwisho, kwamba watoto wafundishwe subira. Nakubali wafundishwe. Lakini mtoto hujifunza vipi kungoja? Mwaka 1972 Walter Mischel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya majaribio yao na watoto wa shule ya awali, ambao waliahidiwa kitu wanachokitaka zaidi iwapo wangeweza kungoja. Walioachwa wakikodolea macho zawadi bila la kufanya walikata tamaa upesi. Waliopewa kichezeo, au walioambiwa wafikirie mambo ya kufurahisha, walingoja kwa dakika kadhaa zaidi. Watoto walikuwa wa rika lile lile, ahadi ni ile ile. Anayetaka watoto wenye subira awape cha kushika na cha kuwaza wakati wanangoja, kwa sababu hivyo ndivyo subira inavyokomaa kwa mtoto.

Sasa ninachoomba.

Kwanza, tangazeni muda wa kungoja, na ukibadilika tangazeni tena pamoja na sababu; wenye watoto waruhusiwe kutoka na kurudi bila kupoteza namba. Pili, kila ukumbi uwe na kona ya watoto, hata ikiwa ndogo namna gani, yenye mkeka au sakafu safi, ukuta wa kuchorea na vitabu, na awepo mfanyakazi anayejulikana kwa cheo chake kuwa ndiye anayehusika na usafi wake. Tatu, mtoto na mtu wake wakae pamoja bila kuombewa wala kutozwa zaidi, na matangazo yaondolewe kwenye madirisha ya viti vya familia. Nne, vituo vya njiani virefushwe vya kutosha na vipatiwe sehemu salama ya kukimbilia. Tano, kabla ya kupanga au kukarabati ukumbi wowote, waiteni wazazi, walimu wa awali na watoto wenyewe mwasikilize. Mtoto wa miaka saba atawaambia kwa dakika tano kisichofaa katika jengo lenu.

Naomba majibu ya maandishi ndani ya siku 60 tangu barua hii kutoka, yenye jina la kitengo kitakachoshughulikia kila ombi na tarehe ya kuanza. Kwa ukumbi wowote utakaokubali kuanza, nipo tayari kuja siku ya mapumziko na wazazi wenzangu tupake ukuta, tupange rafu na kukusanya vitabu. Rangi tutaileta wenyewe. Mtakachotupa ninyi ni ukuta na ruhusa.

Wenu katika kujenga,

Mzazi, abiria na mteja wenu

Nakala:
Wazazi na walezi wote,
Walimu wa shule za awali,
Wauguzi wa wodi na kliniki za watoto.